Shahidi Aliyenyamaza Kwenye Chumba cha Rangi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu, sisi tunaopaka rangi vipande vya nyama za wagonjwa tunakukaribisha maabara. Tunajua umekuja kukata utepe wa mlango mpya. Mlango ni mzuri, siku hizi unafungika bila teke. Risala nimepewa mimi mstaafu, kwa kuwa wenzangu wanasema mstaafu hafukuzwi.

Tulikotoka

Tulianza watu watatu na hadubini moja. Mimi nilikuwa mwosha vioo. Kazi ya rangi nimejifunza kwa kuchungulia. Nyama tunaikata nyembamba kiasi kwamba kipande kimoja kilipeperushwa na chafya ya karani, tukakipata siku ya tatu kimetua kwenye miwani yake. Mwenyewe alidhani ni ukungu. Anayebisha amuulize, yuko mstari wa pili.

Tunachojivunia

Tunajua kusaka kingamwili, zile protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na maradhi. Kuna aina moja, G namba nne, ikijazana kwenye kongosho huivimbisha mpaka ukadhani ni saratani. Tukitia dawa yetu ya kupimia na chembe zikageuka kahawia kwa wingi, daktari anaweza kuweka kisu chini akatoa vidonge. Mwaka jana watu sita walirudi nyumbani na kongosho zao.

Kila kipimo tunakiwekea pembeni kipande kingine ambacho lazima kigeuke kahawia. Tunakiita shahidi, kwa kuwa ndicho kinachothibitisha kuwa dawa iko hai. Shahidi wetu ni mafindofindo yangu, niliyokatwa kooni zamani. Mimi nimestaafu, yenyewe bado yako kazini.

Kilichotukwamisha

Jana mpimaji wetu, Mama Hadubini, alipima nyama ya kongosho ya dereva wa gari la wagonjwa, tunayemwita Breki. Macho yake ni manjano kama ndizi mbivu, na wapasuaji wamempangia Alhamisi.

"Hakuna kahawia hata chembe, babu. Niandike hasi?"

"Shahidi anasemaje, mama?"

"Bubu."

"Mafindofindo yangu? Hayajawahi kunyamaza tangu nizaliwe! Dawa ndiyo imekufa."

Na kweli ilikufa. Friji inayoitunza ilichomolewa tangu Ijumaa hadi jana, tukachomeka spika ya kufanyia mazoezi ya wimbo wa kukupokea. Aliyechomoa ndiye anayesoma risala hii. Wimbo umeusikia, mgeni rasmi. Haukustahili.

Hatukuandika hasi. Tuliandika: kipimo kirudiwe.

Tunachoomba

Friji ipate soketi yake, yenye kufuli, na ufunguo nisipewe mimi. Hilo linaweza kungoja. Lisiloweza kungoja ni chupa mpya ya dawa: ipo bohari, haitoki bila saini yako. Leo ni Jumanne. Ukisaini sasa, kesho jioni tuna jibu. Huenda Breki ana saratani kweli. Basi apasuliwe, lakini shahidi awe ameshasema. Breki mwenyewe ni yule pale dirishani. Amegoma kubaki wodini, eti asikose wimbo.

Fomu iko mezani, chini ya mkasi. Utepe tumeukaza vizuri, hauendi popote. Tunakuomba uanze na kalamu.

Mungu akupe afya, akuzidishie miaka, na kongosho yako isije ikahitaji kufahamiana nasi.

Ni sisi,
Wapaka Rangi wa Maabara, pamoja na mafindofindo mawili ya mstaafu.