Vidonge au Sindano

Mbele yangu basini, fundi cherehani alikuwa amepakata kapu lenye paka. Virusi vilikuwa vimemjaza paka maji tumboni, na kila asubuhi fundi alimpima kiuno kwa futi kama mteja wa gauni.

“Daktari anataka nichague leo: vidonge au sindano, siku themanini na nne. Nachukua vidonge.”

“Atavitema, dada,” akadakia kinyozi kando yake, ambaye hakuna aliyemwuliza. “Sindano! Mviringishie taulo, mshike shingo, kama wateja wangu watoto wa miaka miwili.”

“Mume wangu naye hutema, na mwisho humeza. Kuchoma siwezi. Au utakuja wewe kumshika kila siku?”

Basi likasimama, fundi akashuka na kapu lake. Kinyozi akachomoza kichwa dirishani.

“Saa ngapi, dada?”