Barua Mbili za Mwingereza

Mwaka mmoja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Umm Butros, muuza mayai, alipanda treni ya kwenda Kudsi, yaani Yerusalemu, akabanwa kati ya wanaume wawili wasiojuana.

"Mwingereza ametuahidi nchi hii kwa barua," alitamba mwalimu Zusman, Myahudi.

"Hongera, mwalimu!" alicheka Hajji Rushdi, muuza sabuni. "Sisi Waarabu alituandikia ahadi hiyo hiyo kabla yenu, ili tumpige Mturuki aliyetutawala. Hiyo yako umeisoma?"

"Sijui Kiingereza. Wewe je?"

"Nimesomewa."

Umm Butros akaguna. Yeye angeuza yai moja kwa wateja wawili, lingepasuliwa usoni pake.

Kwenye stesheni ya Ludd akapanda ofisa wa Kiingereza, akagonga benchi lao kwa fimbo wampishe.

"Haya, inukeni," Umm Butros akawaambia. "Mwenye barua zenu kafika."