Mzee Mihayo Anatuachia Tumbili

Baada ya miaka ishirini na sita katika hoteli yetu hapa Lamadi, Mzee Mihayo Magese anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025.

Alitoka Bariadi akiwa kijana, akaajiriwa kutunza bustani. Enzi hizo ukingo wa mto ulikuwa msitu kweli, na tumbili walikaa hukohuko wakila matunda ya mikuyu. Kisha watu wakakata miti wapate mashamba ya nyanya na kuni za kubanikia samaki. Tumbili wakasogea kwetu. Wageni wakafurahi! Mzee akawa anapiga mluzi, wanashuka, anawagawia ndizi, picha zinapigwa. Mwenyewe anasema hakuna jambo analolijutia kama hilo.

Maana walizoea. Wakaanza kuingia madirishani na kunyang'anya watoto vitu. Mwaka jana mmoja alimng'ata mkono Dastan, mwanangu, wakigombea andazi. Wengi wetu tukasema waitwe wenye bunduki wawamalize. Hata mimi nilisema, uchungu wa mwana jamani. Jioni Mzee akaja nyumbani, akampakata mtoto, akaniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, wamefanya nilivyowafundisha." Kesho yake akaenda kuwaombea kwa meneja. Jibu lilikuwa kwamba wakionekana tena jikoni, wanapigwa risasi.

Basi hapo tulimwona. Alifunga mapipa ya taka kwa minyororo. Alimbembeleza mwenye shamba la nyanya mpaka akaachiwa kipande cha ukingo, akapanda mikuyu upya. Mgeni akinyoosha ndizi, Mzee keshafika, mkali kuliko askari wa getini. Ila siku moja alijisahau, akapiga mluzi wa pambio akimwagilia maua. Kundi zima likashuka mpaka jikoni, sufuria ya wali ikapinduka. Ernestina, mpishi wetu, akapiga kelele, "Mchungaji, waumini wako wamefika!" Bahati nzuri meneja alikuwa Mwanza.

Tangu hapo hawajaingia tena. Lakini niseme ukweli, roho hazijatulia. Mikuyu bado haijamzidi Dastan kimo, haijazaa hata tunda moja. Nyanya zimeisha shambani. Asubuhi tumbili wanajipanga ukutani, wanatutazama tunavyobeba vyakula. Na amri ya bunduki haijafutwa. Kuanzia kesho, nani atamkatalia mgeni mwenye ndizi?

Ndiyo sababu Mzee amekataa sherehe ya bustanini. Tuko ukumbini, madirisha yote yamefungwa, jasho linatutoka na nguo zetu nzuri, na juu ya bati tunawasikia wakitembea. Wamenusa keki. Dastan ameshaambiwa, na wageni waalikwa pia, kwamba hakuna anayetoka na kipande mkononi.

Asante, Mzee wetu. Nenda nyumbani kwa mkeo, Mama Mektilda, mlime pamba yenu kwa amani, Mungu awape afya na miaka mingi ya kucheka. Usigeuke nyuma kuangalia. Mlango tunaushika sisi.