Mwalimu Domina na Picha za Jicho na Sikio

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya Mwalimu Domina Ditram, aliyezaliwa Kidete tarehe 9 Juni 1984, mtoto wa tatu wa Mzee Ditram, aliyekuwa fundi wa reli, na Mama Marselina, akasoma shule ya msingi hapohapo kijijini, sekondari Kilosa, na chuo cha ualimu Morogoro, akaanza kufundisha katika kijiji cha Ulaya, hukohuko Kilosa, Januari 2006, akahamia Mikumi mwaka 2014. Tarehe 18 Oktoba 2008 alifunga ndoa na Lukasi Alfred, wakajaliwa Aneth na Alex.

Mwaka 2021 aliona wazazi wa wanafunzi wake wakibonyeza "ruhusu" kwa kila programu ya simu, kwa kuwa maandishi yalikuwa ya Kiingereza na madogo kama chawa, akakasirika, akanunua karatasi za manila akachora: jicho ni kamera, sikio ni kinasa sauti, nyayo ni mahali unapokwenda, daftari ni majina ya watu wako, na kila kinachoombwa bila sababu akakipaka nyekundu. Siku za gulio alizitundika picha hizo sokoni, akiuliza, "Tochi inataka sikio la nini?" Watu walicheka, kisha wakaifuta programu hiyo ya tochi kwenye simu zao.

Aprili 2024 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akaomba mama yake asiambiwe mpaka aende mwenyewe Kidete. Mdogo wake Editha, aliyemuuguza, akaweka kwenye simu ya mgonjwa programu ya kukumbusha saa za dawa, akairuhusu yote iliyoomba. Haikupita wiki, wauza dawa za miujiza wakaanza kupiga, wakiutaja ugonjwa kwa jina, na mmoja akampigia Mama Marselina, kwa namba iliyochotwa kwenye simu ya mwanawe, na hivyo ndivyo mama mzazi alivyojua, akapanda pikipiki kuja Mikumi akilia njia nzima. Walipopiga tena Domina alifoka, "Nani amekupa ugonjwa wangu uuuze?" Yule mtu akacheka, akakata. Wenye programu hiyo tumewaandikia mara tatu, hawajajibu, hawana haya.

Editha ndiye aliyetaka haya yasomwe. Domina hakumgombeza, alimwomba manila, akaichora programu ile akiwa kitandani, ikawa nyekundu tupu, na wiki hiyohiyo Editha akaipeleka gulioni kwa mkono wake.

Alifariki tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, mama yake akiwa amemshika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunzia siri yake, majirani wa Mikumi na walimu wenzake.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, hasira uliyotuachia hatutaizika leo.