Fundi Anasafiri na Mzigo: Kumuaga Mwalimu Fortunata Kiwelu

Baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha Usimamizi wa Biashara ya Kilimo katika chuo chetu hapa Msimbazi, Kariakoo, Mwalimu Fortunata Ansbert Kiwelu, ambaye wengi tunamwita Mama Eliakimu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mkuu wa chuo, Bi Evelyn, ameniomba mimi Khalfani wa karakana niandike wasifu huu kwa uchangamfu. Nimejaribu. Pale uchangamfu utakapopungua, mtaniwia radhi.

Kufundisha kilimo Kariakoo! Alipokuja kuripoti mwaka 1999 watu walicheka, maana chuo hakikuwa na hata tuta la mchicha. Kulikuwa na karakana ya magari, madarasa machache na vumbi la mtaani. Mlinzi alidhani mama wa watu amepotea njia, akataka kumwelekeza Morogoro kwenye chuo cha kilimo. Mwenyewe akajibu kwamba shamba lake liko nje ya geti, na kesho yake alfajiri akawaswaga wanafunzi mpaka sokoni. Huko wakajifunza kwa madalali kwa nini nyanya ileile ya Ilula ina bei yake asubuhi na bei nyingine adhuhuri, na jinsi lumbesa, lile gunia lililovimbishwa kichwa, linavyomnyonya mkulima. Ni mwalimu pekee niliyewahi kumwona akigombea njia na mkokoteni akashinda.

Jambo tutakalomkumbuka nalo lilianza vibaya. Mwaka 2003 wanafunzi wake walikwenda Ilula na lori la chuo kununua nyanya za mafunzo. Lori lilikuwa limetengenezwa na wanafunzi wetu wa ufundi magari, chini ya Mwalimu Mbaruk, Mungu amrehemu. Tulilijaribu kabla halijaondoka: Msimbazi hadi Magomeni na kurudi, safi kabisa. Ila tulilijaribu tupu. Wale wa biashara nao, faida imewajaa kichwani, wakalipakia matenga mpaka juu kabisa. Katikati ya Mbuga ya Mikumi likachemsha, likazima. Kushuka hakushukiki, tembo wako kando ya barabara. Nyanya zikaanza kutoa maji mbele ya macho yao, na wakati huo sisi mafundi tuko karakana tunakunywa chai na chapati.

Waliporudi, jamani, ule ugomvi! Mbaruk aliulaumu mzigo, Mama Eliakimu akazilaumu spana. Mbaruk alikuwa mtoto wa wenye maduka ya vitambaa aliyeikimbia kaunta ya baba yake akaja kupenda grisi, na kwa maneno hakuwa mtu wa kushindwa. Alimwita Mangi, kama tunavyowaita Wachaga wenye maduka, ingawa mama huyu hajawahi kumiliki hata genge. Walifungiana ofisini mpaka sauti zikatulia, kisha wakatoka na sheria moja: fundi aliyetengeneza lori anasafiri na mzigo, na mwanafunzi wa biashara hapakii kitu mpaka alale chini ya lori aoneshwe kinachobeba. Haikuandikwa popote, lakini ilishika.

Kuanzia hapo idara mbili zilizokuwa hazisalimiani zikawa nyumba moja. Tumetoa mafundi wanaojua bei ya tenga, na wasimamizi wa mashamba wanaosikia beringi ikilia. Joyceline, kwa mfano, yuko Ruaha Mbuyuni na shamba la vitunguu, na pawatila zake, vile vitrekta vya kusukuma kwa mkono, anazifungua mwenyewe. Aisifuye mvua imemnyea, nami imeninyea sana, ingawa safari zenyewe sikwenda. Mbaruk alikwenda siku zote na kuniachia karakana, kwa sababu mimi hutapika gari likifika Kibaha. Mama Eliakimu alinitangaza kwa hilo mbele ya kila darasa jipya. Akisahau, wanafunzi wa zamani walimkumbusha.

Mwaka jana Mbaruk alifariki. Yeye na Mama Eliakimu walikuwa wamepanga waagwe siku moja, wagombane mpaka kwenye hotuba. Siku ya khitma kule Magomeni, Mama Eliakimu alifika na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilichojaa matenga ya nyanya za mchuzi, naye amekaa nyuma na matenga yake. Akina mama wakashangaa kwa nini hakukaa mbele na dereva. Akawajibu kwamba fundi hayupo, na mtu lazima asafiri na mzigo. Kisha akalia palepale juu ya matenga, na sisi wanaume wa karakana tukalia bila aibu.

Tangu hapo lori letu limekaa juu ya mawe. Uongozi ulipomuuliza anataka zawadi gani, hakutaka saa ya ukutani wala kitenge. Aliomba mrithi, mtu wa kuishika idara ili safari ya mzigo isife. Tangazo likatoka. Waombaji walikuja, wakauliza shamba liko wapi, wakaoneshwa soko, wakaaga. Basi imeamuliwa kwamba idara inafungwa anapoondoka yeye, na darasa lake limepangishwa kuwa stoo ya mabegi. Wiki iliyopita alifuta ubao kwa mara ya mwisho, akakung'uta dasta dirishani kama kawaida yake, akafunga mlango. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba inauma.

Sasa anarudi kwao Marangu, kwenye migomba. Alikuwa ameshakodi lori la kumhamisha, nasi tukamkatalia katakata. Wanafunzi wake wa mwisho pamoja na wangu, mimi nikiwaongoza na spana mkononi, wamelishusha lori letu kwenye mawe, wakaweka rejeta nyingine na breki mpya. Wale wa biashara wamelala chini yake mmoja mmoja, kama desturi. Safari hii hatukulijaribu tupu. Tulilipakia mifuko ya mchanga tukaenda nalo mpaka Kibaha, na ndiyo, nilitapika.

Mwalimu Fortunata, asante kwa kutufundisha kwamba kazi ya mtu haiishii getini. Unaondoka bila mrithi, na kwa hilo hatuna neno la kukufariji. Uwe na afya, migomba ikuzalie, na Eliakimu akutunze kama ulivyowatunza watoto wa wenzio. Kesho asubuhi ukipanda lori, kwenye kiti cha dirishani alichokuwa akikaa Mbaruk utamkuta mtu ameshika limau mkono mmoja na ndoo mkono wa pili. Usimcheke, Mwalimu. Lori nimelitengeneza mimi.

Khalfani Uwesu
Karakana ya Magari