Bi Hafidha Anastaafu, Kitabu Kikiwa Bado Vipande

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, nakuomba kwa hisani yako: yaliyomo humu yabaki kwako. Usimsomee mtu kwa sauti, usiyapige picha, wala usiyasahau juu ya meza ya chai. Wako watu wawili ambao hawatakiwi kuyaona kabla ya Alhamisi: mstaafu mwenyewe, na mudiri, yaani mkuu wetu, Ustadh Sami. Wasifu atakaousoma mudiri kwenye hafla ya kumuaga ni mwingine, mfupi, nao pia nimeuandika mimi. Huu ni kwa wafanyakazi wenzangu ninaowaamini na wanachama wa klabu ya vitabu tu.

Bi Hafidha Jamaldini anastaafu Alhamisi hii baada ya kuitumikia maktaba ya chuo chetu hapa Ibra, Oman, kwa miaka thelathini na moja. Alianzia kaunta ya kuazima, akapanda mpaka kuwa msimamizi wa chumba cha kusomea. Wanafunzi aliowanyamazisha zamani sasa wanaleta watoto wao, naye huwanyamazisha hao pia.

Alizaliwa Unguja, akaletwa Oman angali wa kubebwa. Dada yake mkubwa, Bi Fawziya, aliishia Toronto. Kila msafiri anayetoka huko hukabidhiwa riwaya moja ya Kanada amletee mdogo wake, na kwa miaka mingi Bi Hafidha alizisoma peke yake. Halafu akachoka kusoma bila mtu wa kubishana naye. Ndipo alipoanzisha podikasti ya klabu ya vitabu, kwa Kiswahili, katika chumba cha magazeti ya zamani nyuma ya maktaba.

Utaratibu wake uliwashtua wengi. Riwaya ikifika, huikata kwa wembe vipande saba. (Hivyo ni vitabu vyake mwenyewe. Cha maktaba hajawahi kukikunja hata pembe ya ukurasa.) Kila kipande humpa mwanachama mmoja, akisome, kisha aje akisimulie kwa maneno yake. Hakuna anayejua kilichomo katika kipande cha mwenzake mpaka Ijumaa kipindi kinaporekodiwa. Kitabu kikiisha, vipande hurudishwa, naye hukishona upya kwa uzi wa kofia. Rafu nzima nyumbani kwake imejaa vitabu vyenye mishono ya rangi.

Vipande vya mbali husafirishwa na Harub, dereva wa teksi anayekwenda Sur na Nizwa. Mwaka juzi alivibadilisha: cha tano kikaenda Sur, cha tatu kikaenda Nizwa, na kipindi kikatoka hivyohivyo. Ijumaa moja baba wa hadithi alizikwa. Ijumaa iliyofuata yuko msituni, mzima, anagombeza watoto kwa sababu ya kuni. Msikilizaji wa Izki akatuma sauti, "Jamani, huyu si tumeshamzika?" Bi Badria wa Sur, ambaye ndiye aliyesimulia mazishi, alikasirika kabisa: "Na machozi yangu nani atanirudishia? Nimelia mpaka wali umeungua!" Harub alijitetea kwamba vipande vyote vinafanana, havina hata jalada. Bi Hafidha hakukifuta kipindi. Aliwaita wote wabishane kama mtu akijua mwisho wa baba huyo humpenda zaidi au humpenda kidogo, na kipindi hicho mpaka leo ndicho kinachosikilizwa kuliko vyote.

Lipo pia suala la kiyoyozi. Kinanguruma, kwa hiyo wakati wa kurekodi huzimwa. Mwezi wa sita mwaka jana Mwanamboka, mwenyeji wa Tanga anayefanya kazi za nyumbani Nizwa, alikuwa anasimulia mtu aliyepotea kwenye theluji. Katikati ya maneno akasimama, akajifuta uso kwa mtandio, akasema, "Shikamoo Bibi, huyu anakufa kwa baridi na mimi nakufa kwa joto. Tumsaidie nani kwanza?" Bi Hafidha akamjibu, "Marahaba. Mwokoe yeye, wewe utakunywa maji." Tulicheka hata kipaza sauti kikaanguka.

Wasikilizaji wetu wako Fanja, wako Tiwi, na Bi Fawziya husikiliza kutoka Toronto na kulalamika kwamba theluji yetu ni laini mno. Sisi vijana tuliozaliwa hapa, ambao Kiswahili chetu hukatikia njiani, tumejifunza kulimaliza jambo refu bila kukimbilia Kiarabu. Wengine tumepata hata ujasiri wa kusema mbele za watu, ingawa si wote.

Sasa nifike kwenye linalonikosesha usingizi. Chumba cha magazeti kitakabidhiwa kwa mudiri Alhamisi, mara baada ya hafla. Riwaya ya sasa imesimuliwa vipande sita. Cha saba hakikupewa mtu. Bi Hafidha alipoulizwa alisema, "Khalas, imekwisha, chumba hakuna. Mwisho mtautunga wenyewe vichwani." Alisema huku akipanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangika. Mimi siamini kwamba amechoka. Naamini anaona haya kutuomba tuendelee.

Kwa hiyo nimekichukua kipande cha saba mezani kwake. Sikuomba ruhusa. Kiko kwangu, na kila mara mlango unapofunguliwa nakifunika kwa daftari.

Shauri ni hili. Alhamisi, keki ikishakatwa, tumpeleke chumbani kama vile anakwenda kurudisha ufunguo. Wenye vipande sita waje navyo. Mmoja wetu asimulie mwisho, simu ikirekodi, na Bi Hafidha akae upande wa wasikilizaji, kwa mara ya kwanza hajui kitakachotokea. Tukiweza kufanya bila yeye kushika kipaza sauti, atajua kwamba kipindi hakiondoki pamoja na chumba. Mudiri amesema wageni wa nje wasiingie. Mwanamboka amepewa ruhusa na waajiri wake, Harub atamleta yeye na Bi Badria, na mlinzi wa geti la nyuma ni msikilizaji wetu.

Bi Hafidha, ukija kuusoma huu baadaye, ahsante kwa kutupa kila mmoja sehemu yake na kutuamini nayo. Mungu akupe afya, macho yasiyochoka, na watu wa kubishana nao kila Ijumaa.

Kinachokosekana ni msimuliaji. Mwenye moyo anitafute mimi, Alyaa, karani wa mapokezi, kabla ya Jumatano. Namba yangu anayo Mwanamboka. Usipige simu ya ofisi wala usiniandikie barua pepe ya chuo. Nitafute baada ya saa tisa alasiri. Asipopatikana mtu nitasimulia mwenyewe, na sauti yangu itatetemeka, mnisamehe. Nikipokea simu nikakaa kimya, mudiri yuko karibu. Usikate.