Mrututu Mguuni kwa Kilian

Kijiwe chetu kipo Mbinga mjini, nyuma ya lililokuwa ghala la chama cha ushirika. Siku hizi kahawa inanunuliwa na kampuni binafsi, sisi tumebaki na benchi. Asubuhi moja mwaka 2006, Kilian alifika akichechemea, barua ya rufaa mkononi. Ni mwaka wa pili anameza ARV, na mwili umerudi, hadi mashavu. Lakini mguuni yamemtoka mabaka ya zambarau, na daktari anataka akakatwe kinyama kikapimwe, huenda ni kansa. Gari la kwenda hospitali ya rufaa linaondoka saa nne. Niliogopa sana, ila nikammiminia kahawa kama kawaida.

— Kansa gani? alisema Pankras, tunayemwita Bwana Shamba kwa kuwa zamani alimbebea bwana shamba mkoba. — Huo ni mrututu, ile dawa ya buluu ya mibuni. Umepulizia mibuni pekupeku miaka yote, umeingia kwenye ngozi.

— Mimi nasema ni hivyo vidonge, alisema Profesa, aliyeishia darasa la tano. — Vinausukuma ugonjwa chini. Vumilia, utatokea kwenye kucha.

— Na wakikukata, kansa inapata hewa, inasambaa, Pankras aliongeza. — Marehemu Cleopa walimkata, hakumaliza mwezi.

— Cleopa alichelewa, nilisema. — Alipelekwa hawezi hata kusimama.

— Wewe mimina kahawa, alisema Pankras.

Kilian alitutazama mmoja mmoja.

— Kwa hiyo ni mrututu?

— Mrututu mtupu, Pankras alimjibu. — Paka mafuta ya nyonyo, subiri tumalize kuvuna.

Kilian akaikunja barua, akaitia mfukoni. Roho iliniuma kuona alivyofurahi.

Hapo akatokea mdogo wake, Hedwiga, na kikapu cha safari.

— Shikamooni. Kaka, gari linajaa.

— Tulia, dada, Pankras alisema. — Kaka yako ana mrututu tu.

— Mrututu? Tangu chama kiache kutugawia dawa, kaka Kilian amepulizia mibuni mwaka gani?

Mabomba yetu ya kupulizia yameliwa na kutu, kwangu kuku wanatagia pembeni yake. Kilian akainuka polepole, akamfuata mdogo wake stendi.

Pankras alikuwa ameinama, anavuta soksi. Kabla hajaipandisha niliona juu ya kifundo chake baka la rangi ileile ya zambarau.

— Pankras, nilimwambia, gari bado halijaondoka.

Akaninyooshea kikombe nimwongezee kahawa.